Neno Moja, Picha Moja

Shinyanga,
Jumapili, 14 Februari 1954

Mpwa wangu Limi,

Salamu zako za Krismasi nimezipata juzi, maana yake zilikuja kwa miguu. Sisi huku tunaendelea. Mvua imetukatalia, mahindi ya Ibadakuli yamekauka yakiwa hayajafika kiunoni, ila pamba inajitahidi. Mama yako anakusalimu. Msalimie mkweo Mabula kwa niaba yangu, umwambie bado sijasahau jinsi alivyomaliza wali siku ya harusi. (Nimeandika mkweo, nilitaka kuandika mumeo. Sifuti, karatasi ni ghali.)

Sasa sikiliza. Dereva aliyekuletea barua hii anacho pia kifurushi. Ndani mna kamera ya sanduku, kuukuu lakini jicho lake zima, na filamu moja. Ni yako.

Hapa kwenye duka la picha la Bwana Karmali tumeanzisha mchezo: mimi, Karmali mwenyewe, na Donatus, karani wa stesheni. Kila Jumapili mmoja wetu anatoa neno. Wiki nzima kila mtu anatembea na neno hilo kichwani, na anaruhusiwa kupiga picha moja tu. Jumapili inayofuata tunazibandika ukutani na kugombana. Karmali alitoa "joto." Mimi nikapiga jua, kama mjinga. Donatus akapiga mbwa aliyejinyoosha chini ya behewa, ulimi nje, na mimi nikaona aibu. Miaka yote nimewaambia watu "simama wima, usicheke, tazama hapa," nikadhani hiyo ndiyo kazi. Tangu mchezo huu uanze situlii, na sijapata kufurahi hivi.

Nataka uingie. Filamu yako ina nafasi nane, basi nakupa maneno nane ya wiki nane: maji, mlango, kungoja, mkono, kazi, njia, mwenzi, wivu. Shika kamera tumboni, jua liwe mgongoni kwako, usipumue unapobonyeza. Ukimaliza nitumie filamu bila kuifungua, nitaisafisha mwenyewe.

Usiniambie huna nafasi. Mtu asiye na nafasi haandiki kurasa sita kuhusu majirani.

Mjomba wako,
Pantaleo


Geita,
25 Aprili 1954

Mjomba, shikamoo.

Kifurushi kilifika salama. Hatujambo, ila vumbi la mawe linaingia mpaka kwenye chumvi. Mabula anakusalimu. Siku hizi yuko kwenye kikosi cha kutoboa mwamba mgodini, anarudi mweupe kama aliyetoka kusaga unga. Anasema wali ulikuwa kidogo, ndiyo maana ukaisha.

Mama hajambo? Umeandika "anakusalimu" tu, kama karani. Zamani ulikuwa ukiniandikia maneno yake mwenyewe, hata yale ya kunitukana.

Filamu hii hapa. Nataka nikueleze neno la kwanza, kwa sababu nusura linivunjie ujirani. Nilikwenda bombani asubuhi, wanawake wako kwenye foleni, nikashika kamera tumboni ulivyosema. Jirani yangu Serafina, mke wa Thobias, akaja akafunika lile jicho kwa kiganja.

"Unatupeleka wapi?"

"Kwa mjomba wangu, Shinyanga."

"Na yeye atatufanyia nini?"

"Atatutazama tu."

Wote wakacheka. Serafina akasema, "Kama ni kutazamwa, ngoja nifunge kitambaa changu vizuri." Akainua mikono kufunga, ndoo yake nyuma ikajaa ikamwagika, na mimi nikabonyeza wakati huo huo. Tangu siku hiyo ananiita mpiga picha wake, na akipika dagaa ananiletea.

Mjomba, umeniletea ugonjwa. Chumba chetu ni kimoja na nilikuwa nimekizoea. Sasa naingia, natoka, naingia tena. Nikikoroga uji nafikiria "wivu" una sura gani. Mabula anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jana alinikuta nimelala chini uani nikitazama mlango kutoka ardhini. Alinivuka akaenda kuoga.

Nitumie filamu nyingine na maneno mengine. Upesi.

Limi


Shinyanga,
16 Mei 1954

Mpwa wangu,

Nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Huku homa zimepita nyumba hadi nyumba, mimi zikaniruka. Donatus amepata mtoto wa kike, stesheni nzima imelewa. Mama yako hajambo kiasi.

Nimesafisha filamu yako na sasa nakuambia kweli, kama ninavyoambiwa mimi. "Njia" imeungua kwa mwanga. "Mkono" ina kidole chako mbele ya jicho, kinene kama muhogo. "Kazi" ni watu wamesimama mstari mmoja utadhani wanangoja kupigwa risasi, na nina hakika wewe ndiye uliyewapanga. Usipange watu, mwanangu. Kazi hiyo niachie mimi wa dukani.

Lakini "maji!" Yule mama mwenye mikono juu na ndoo inayomwagika nyuma yake bila yeye kujua! Karmali aliibandua ukutani akaenda nayo mlangoni aitazame juani. Ukashinda wiki ile, nami nikawalipia chai kana kwamba nilishinda mimi.

"Mwenzi" umenitumia shati la Mabula kwenye kamba, limejaa upepo, halina mtu. Ni picha nzuri. Ila mbona yeye mwenyewe hayumo hata moja? Umeogopa kumwomba?

Filamu ya pili hii. Maneno: aibu, njaa, mwendo, kivuli, sauti, jirani, pumzi, furaha. "Sauti" ni langu mimi. Donatus ameshindwa, Karmali ameshindwa, mimi nimepiga kengele ya kanisa ikawa picha ya chuma. Tuone wewe.

Pantaleo


Geita,
11 Julai 1954

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Mabula anapumzika kidogo.

Filamu naituma kabla haijaisha. Nafasi tatu zimebaki, sina hamu nazo.

Nauliza: "hajambo kiasi" ni kiasi gani? Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika hapo naona umeshika kalamu umetazama pembeni. Nilikuandikia nikiuliza habari za Mama, ukanijibu habari za kidole changu.

Basi leo mimi ndiye ninayetoa neno. Neno lako ni Mama. Picha moja. Usinitumie jiko lake wala kuku wake. Nataka uso.

Limi


Shinyanga,
1 Agosti 1954

Mpwa wangu Limi,

Barua yako ilikuwa fupi, ikanikaa kifuani. Nitakujibu yote, lakini niache nianze na picha yako ya "sauti," kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilikuwa chumba cha giza na Karmali. Karatasi iko ndani ya dawa, tunasubiri. Wakaanza kutokea wanawake, mmoja mmoja, wote bombani, na vichwa vyote vimegeukia upande mmoja kama vimevutwa kwa kamba moja. Ndoo moja imeachwa, iko hewani, haijafika chini. Yule mama wa kitambaa yuko mbele, mdomo wazi. Hakuna king'ora cha mgodi kwenye picha, Limi, lakini nimekisikia. Karmali alivua kofia yake. Hatukuibandika ukutani, tuliiweka dirishani, na watu wanatoka sokoni kuja kuitazama. Bwana mmoja wa pamba amerudi mara tatu.

Siku nne nilijivuna. Siku ya tano nikachukua kioo cha kukuzia nione kazi yako vizuri, nikaona vivuli. Vivuli vyote vimejikunja chini ya miguu ya watu. Hiyo ni saa sita mchana. Zamu ya mgodi haibadilishwi saa sita mchana.

Kile king'ora kilikuwa cha nini? Na Mabula anapumzika nini?

Sasa la mama yako. Januari alipata kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki na mdomo umekwenda upande. Alinikataza kabisa kukuandikia. Alisema, "Limi akijua ataacha nyumba yake aje kuninywesha uji, na mumewe ataoa mwingine." Nikanyamaza mimi, mtu mzima, kwa kumwogopa dada yangu.

Barua yako ilipofika nilipanda baiskeli mpaka Ibadakuli, nikamwambia neno la wiki. Akanigeuzia shavu la kushoto.

"Piga hapa."

"Limi ametaka uso."

"Uso si ndio huu?"

"Huo ni nusu, dada."

Alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Kisha akageuza uso wote. "Haya, piga upesi, mate yanadondoka."

Iko ndani ya bahasha hii. Sijapiga picha nyingine kama hiyo maishani.

Jambo la mwisho. Wafanyabiashara wengi hapa mjini, Wahindi na Waswahili, hawapendi wake zao na binti zao wakae mbele ya mwanamume kupigwa picha. Karmali anatafuta mwanamke wa kazi hiyo. Nilikuwa na wewe kichwani tangu nilipofunga kile kifurushi. Mchezo ulikuwa mchezo kweli, lakini ulikuwa na hilo pia ndani yake.

Nijibu.
Pantaleo


Geita,
29 Agosti 1954

Mjomba, shikamoo.

Picha ya Mama nimeipokea. Nimemkasirikia yeye, nimekukasirikia wewe, kisha nikaibusu. Sina haki ya kukasirika, kwa sababu na mimi nilikuficha.

Jumamosi ile ya Juni nilikuwa bombani tangu asubuhi na neno lako "sauti." Nilijaribu mtoto anayelia, nikaona ni picha ya machozi. Nikangoja tu, kamera tumboni. King'ora kikalia nje ya saa yake. Kidole changu kikabonyeza kabla sijajua ni king'ora gani.

Hapana. Nakuandikia wewe, nisiseme uongo. Nilijua. Kila mwanamke hapa anajua. Nilijua, nikaona vichwa vyao vinageuka, nikawaza "ndiyo hii," nikabonyeza. Ndipo nikakimbia. Wenzangu walikuwa wamefika mbali.

Mwamba ulikuwa umeshuka juu ya kikosi cha kutoboa. Thobias, mume wa Serafina, alitolewa amefunikwa. Mabula alitolewa anapumua, mguu wa kushoto umesagika. Hospitali waliukata chini ya goti. Sasa yuko nyumbani na magongo, na tumeambiwa chumba ni cha watu wa kazini, tukiache mwezi wa kumi ukiisha.

Mtu alimweleza. Sijui nani, wote waliniona. Nilikuwa namfunga kidonda akaniuliza, "Ni kweli ulipiga kwanza?"

"Ni kweli."

"Mimi nikiwa chini."

"Sikujua kama ni wewe."

"Lakini ulijua ni mtu."

Akageukia ukutani. Tangu hapo ananiambia "maji" na "asante" tu. Serafina amenyoa nywele, na akiniona bombani anarudi na ndoo tupu. Mimi silali, sikai, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Halafu wewe unaniandikia kwamba picha iko dirishani na watu wa pamba wanarudi mara tatu!

Itoe. Leo, ukimaliza kusoma mstari huu. Itoe uniletee, na filamu yake yenyewe uniletee. Kazi ya Bwana Karmali siitaki.

Limi


Shinyanga,
12 Septemba 1954

Mwanangu Limi,

Nampa Mabula pole, na wewe pole. Nimekwenda kanisani kumwombea Thobias ambaye sikumjua.

Nimeitoa. Karmali alikataa. Akasema dirisha ni lake. Nikamwambia dirisha chukua, watu waliomo si wako, wala si wangu. Tulisemezana mbele ya wateja mpaka mkewe akashuka ngazi kututazama. Mwishowe alivuta kiti akakaa akanipa kisogo, nikaingiza mkono nikaibandua. Leo asubuhi ameniuliza, "Mguu wake umepona?" basi nadhani tumepatana.

Ndani ya bahasha iko picha na filamu yake. Nyingine haipo popote. Sikushauri uichome, wala sikushauri uitunze. Watu niliowapiga hawahesabiki, na sijawahi kumwuliza hata mmoja jambo lolote zaidi ya kama yuko tayari.

Kwangu kuna vyumba viwili na mimi ni mmoja. Kazi bado ipo, Karmali mwenyewe amesema. Mabula si mzigo, asiwaze hivyo. Nimemweleza mama yako kila kitu, sitaki tena kuficha. Alifikiri, kisha akasema kwa ule mdomo wake, "Waje. Watu watatu, mikono mitano, miguu mitano. Inatosha kulima." Halafu akacheka peke yake mpaka akapaliwa.

Pantaleo


Geita,
10 Oktoba 1954

Mjomba, shikamoo.

Bahasha ilikaa siku kadhaa chini ya godoro sijaifungua. Mabula aliisikia ikikwaruza akigeuka, akasema, "Kitoe hicho kitu au kifungue." Nikafungua. Alikishika kile kipande cha filamu mbele ya dirisha, akakitazama kwa muda, akanirudishia.

Nilijua ni nani wa kuulizwa. Nilikuwa namwogopa kuliko nilivyoogopa king'ora.

Serafina alikuwa nje ya chumba chake, amekaa juu ya sanduku, anangoja lori la kwenda bandari ya Nkome, avuke ziwa kwenda kwao Ukerewe. Nilimsalimu, hakuitika. Nikasimama mbele yake.

"Nimekuletea kitu. Ukitaka kichomwe, nitakichoma hapa mbele yako."

Alinyoosha mkono. Alitazama picha. Mwanzoni aliwatafuta wengine, akawataja majina taratibu. Kisha kidole chake kikafika kwake mwenyewe.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe."

"Hapa sijafika shimoni." Kidole hakikuondoka. "Hapa bado nina mume."

Nililia, Mjomba, yeye hakulia.

"Iko nyingine?"

"Hakuna. Filamu yake ni hii."

"Nipe vyote viwili."

Nikampa. Akavifunga kwenye ncha ya kanga, mafundo mawili, akavuta kwa meno. Lori likapiga honi kule barabarani. Alisimama.

"Sijakusamehe, ujue."

"Najua."

"Haya, shika upande huo."

Tukalibeba sanduku pamoja mpaka kwenye lori. Lilikuwa zito, tulilitua mara mbili njiani. Alipanda, akakaa juu ya magunia, akatazama mbele. Lori lilipogeuka kwenye kona aliinua mkono kidogo, sijui kama ni kuniaga au ni kushika kitambaa kisipeperuke.

Niliporudi nikamweleza Mabula.

"Umempa na filamu?"

"Na filamu."

"Ile iliyowashinda wote?"

"Hiyo hiyo."

Alikaa kitandani akikwangua gongo lake kwa kisu, akilipunguza pale linapomchoma kwapani. Kisha akasema, "Sufuria kubwa usiifunge na vyombo vingine, tutaihitaji njiani." Ni maneno mengi kuliko aliyoniambia tangu Agosti. Nikaanza kufunga.

Tunakuja. Kazi nitaifanya, lakini mwambie Bwana Karmali mapema: kila mwanamke atakayekaa mbele yangu nitamwuliza picha yake iende wapi na isiende wapi, na atakalosema ndilo. Akikataa, nitachoma maandazi sokoni na hatutagombana.

Tutapanda boti ya Nungwe mpaka Mwanza, halafu treni ya Alhamisi ya tarehe ishirini na moja. Mabula hajawahi kushuka treni kwa mguu mmoja na hataki mtu amwone akijifunza. Ananuna, anafanya mizaha, ananuna tena. Mimi nimekwisha kufungua na kufunga mizigo hii mara tatu. Naogopa mji, naogopa kumwona Mama, naogopa kwamba nikishika tena kamera kidole kitafanya vile vile.

Najua utataka kutupiga picha tukishuka. Usije na kamera, Mjomba. Njoo na mikono yako tu, usimame karibu na mlango wa behewa, na Mabula akiyumba umshike.

Limi